Kicheko cha Mfuaji

Siku ile Midomo alipoachwa na basi, saa yake haikuwa na kosa wala dereva hakuwa na haraka. Kosa lilikuwa la sauti. Kituo kikuu kilikuwa kimefurika watu na mabegi, watoto wanalia, wachukuzi wanagombania mizigo, na juu ya zogo lote hilo, kwenye spika zilizofungwa nguzoni, mwanamke alikuwa anatangaza safari. Ilikuwa sauti nzito kidogo, iliyotulia, ya kukwambia basi lako linaondoka na papo hapo kukufanya uone kwamba si lazima uende. Midomo alisimama na begi lake begani akaisikia ikilitangaza basi lake mara ya kwanza, ya pili na ya mwisho, na yeye yupo palepale anatabasamu. Basi likaondoka zake.

Aliulizia mpaka akafika kwenye kijidirisha cha chumba cha matangazo. Ndani alikaa mwanamke kijana mwenye blauzi ya njano iliyonyooshwa kwa pasi, sketi ya bluu ya sare, na kitambaa chembamba kichwani. Miguu yake alikuwa ameitoa kwenye viatu chini ya meza, akidhani hakuna anayeiona. Wenzake kazini walimwita Kipaza, na alikuwa amelizoea hilo kiasi kwamba akiitwa jina lake halisi hakuitika upesi.

“Samahani, dada. Wewe ndiye ile sauti?”

“Mimi ndiye mwenye nayo. Umepoteza nini?”

“Basi.”

“Kaka, tumelitangaza mara tatu.”

“Najua. Nilikuwa nasikiliza.”

Kipaza alimtazama vizuri. Kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limekunjwa mikono, sura ya kistaarabu tu. Ila macho yake yalikuwa yameganda kwenye mdomo wake, bila haya wala wasiwasi. Kipaza akaushika mlango wa kijidirisha tayari kuufunga, akamuuliza kama ana shida na mdomo wake.

Hapo kijana akababaika. Alijieleza mbiombio kwamba ni kazi yake hiyo, anatafsiri filamu za kigeni kwa ajili ya televisheni, na mtafsiri wa filamu ni lazima aangalie mdomo unavyofunguka na kufumba ili maneno yaingie. Sasa imekuwa mazoea, hata kwenye misiba anawatazama watu midomo. Wenzake ndiyo wamempa jina la Midomo. Studio yao ilikuwa inatafuta sauti ya mwanamke kwa filamu ya vita, na waliowajaribu mpaka sasa wote walisikika kama wanatangaza sabuni. Kipaza alicheka mpaka akasahau kutangaza basi la saa sita.

Basi hivyo ndivyo yalivyoanza. Studio ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye mafundi cherehani chini na wachapishaji katikati, chumba kimoja kilichozungushiwa magodoro ya zamani ukutani ili kelele za barabarani zisipenye. Feni ilizimwa kila wakirekodi kwa sababu ilinguruma kwenye maiki, kwa hiyo mapenzi ya filamu ile yote yalitamkwa na watu waliolowa jasho. Kipaza alitoka zamu ya asubuhi kituoni, akapanda ngazi, akavaa hedifoni, akaifukuzia midomo ya mwanamke wa kigeni kwenye skrini. Midomo alikaa upande wa pili wa kioo akiinua kidole mdomo ukifunguka na kukishusha ukifumba.

“Ukisema ‘baba’, midomo inakutana mara mbili,” alimfundisha. “Ukisema ‘kaka’, haikutani kabisa. Ndiyo maana kwenye filamu zetu baba za watu hugeuka kaka zao.”

“Na mama?”

“Mama ana bahati. Dunia nzima mama hufumba mdomo.”

Filamu yenyewe ilihusu mji mdogo uliotekwa na jeshi la adui. Kulikuwa na mwanamke mfuaji ambaye mume wake amechukuliwa, amebaki na mtoto mmoja, na chumba chake cha mbele kimegawiwa kwa afisa wa jeshi hilo. Anamfulia, anampikia, wanatazamana sana penye mwanga wa dirisha, na mwishowe, kwa mujibu wa filamu, anampenda. Kipaza alikuwa mfuaji. Afisa alikuwa apewe sauti na mwigizaji mmoja maarufu, lakini huyo alishikwa na maumivu ya koo, na mpaka apone ilibidi Midomo amshikie nafasi ili Kipaza apate mtu wa kusema naye.

Hilo ndilo lililoleta balaa. Kila jioni Midomo alimtumia ujumbe wa sauti wenye maneno ya kesho yake, akiyatamka kwa sauti nzito ya afisa. “Mpenzi, mikono yako imechubuka kwa sabuni.” Kipaza alisikiliza huku anamenya viazi, akajibu, “Ndefu. Mdomo unafumba kabla hujafika kwenye sabuni.” Au, “Fupi hiyo, ana nafasi ya kuvuta pumzi, muongezee.” Katikati ya maneno ya afisa yakaanza kupenya mengine. Umekula? Umefika salama? Leo kile kitambaa cha kijani kilikukaa.

“Hiyo ya kitambaa ni ya afisa au ni yako?” aliuliza Kipaza.

“Afisa hajui rangi. Anavaa kaki mwaka mzima.”

Alimpenda, basi? Kipaza mwenyewe hakujua. Alijua kwamba simu ikilia moyo ulimruka, na kwamba Midomo akichelewa kupanda ngazi alikosa raha. Lakini mtu anayekuita mpenzi mchana kutwa kwa sababu ameandikiwa kukuita mpenzi, utamchukuliaje? Kuna siku Midomo alimshika mkono wakishuka ngazi, akamwambia taratibu, “Ukiwa kimya nasikia kama mji mzima umezimwa,” naye badala ya kufurahi akaanza kutafuta kwenye kumbukumbu yake ni onyesho la ngapi.

Kisha likaja onyesho la kicheko. Afisa anakula mezani, mkanda wa bastola ameutundika kwenye kiti, anasimulia habari ya farasi aliyewahi kuwa naye, habari isiyo na ladha yoyote, na mfuaji anarudisha kichwa nyuma na kucheka. Kicheko cha mwigizaji wa kigeni hakikuweza kuazimwa kwa sababu kilikuwa kimechanganyika na maneno ya afisa. Ilibidi Kipaza acheke chake. Alijaribu kikatoka cha redio. Alijaribu tena kikatoka cha mtu anayetekenywa. Bosi wa studio, mama mmoja mwenye miwani iliyokaa siku zote kichwani na kamwe si machoni, akasimamisha kazi.

“Mwanamke huyu amependa,” alisema. “Cheka kama mtu aliyependa.”

“Mama, pale kwenye kiti kuna bastola.”

“Bastola ni ya mapambo. Tazama macho yake.”

Kipaza aliyatazama. Yalikuwa macho mazuri, yamewekewa taa, na hayakumwambia lolote. Wakapumzika. Alitoka akaketi kwenye ngazi na Midomo, kila mmoja na kikombe chake cha chai, fundi cherehani wa chini akingurumisha mashine yake.

“Hivi kwenye hizi filamu zako za vita, wanawake wote huwapenda maadui?”

“Si wote.” Midomo alifikiri. “Kuna anayeuawa mapema ili mume apate hasira za kupigana. Kuna anayemficha majeruhi chini ya kitanda. Kuna jasusi, huyo hakosi gauni jekundu. Halafu kuna huyu wetu.”

“Na wale waliobaki hai tu?”

“Hao wanapita kwa nyuma na ndoo. Hawana maneno, kwa hiyo sijawahi kuwatafsiria.”

Kipaza alikizungusha kikombe mikononi. Akamwambia kwamba bibi yake ni wa ndoo. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Nyumbani kwao ilijulikana kwamba wakati wa wanajeshi wavamizi Bibi alikuwa mke kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye ndiye marehemu mama yake Kipaza; kwamba Babu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi; na kwamba afisa mmoja alikaa chumba cha mbele mpaka majeshi yalipoondoka. Babu alirudi na hakuuliza. Na kwa kuwa yeye hakuuliza, hakuna aliyethubutu kuuliza baada yake.

Jumapili iliyofuata walimpelekea Bibi filamu kwenye kompyuta ya Midomo. Bibi alikuwa amejitanda khanga mpya kwa ajili ya mgeni, ameketi kitandani kwake juu ya shuka jeupe, goti lake linalouma amelinyoosha, na alipomwona Midomo akainama kumwamkia alimwangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

“Mke mwenzangu,” alimwambia Kipaza, “huyu mume wetu mbona mwembamba? Tutamgawanaje?”

Midomo akaona haya mpaka masikioni. Wakaiweka kompyuta kwenye kiti mbele yake na Bibi akavaa miwani. Alitazama kama mtu anayeangalia picha za harusi ya jirani, hana haraka, akisema hili na lile. Koti la afisa alilisifu, kitambaa kizuri kile. Mfuaji alipokaa sana dirishani akilia, Bibi aliguna akauliza zile nguo zinafuliwa saa ngapi. Mvua ilipomnyeshea mfuaji katikati ya barabara, akasema atapata homa. Halafu likaja onyesho la mezani, na mfuaji akarudisha kichwa nyuma, akacheka.

“Hapo amefanya vizuri,” alisema Bibi.

“Kwa sababu anampenda?” Kipaza aliuliza.

“Kwa sababu mwenzake anakula. Mtu akila huku unamchekea, anakula polepole. Akila polepole anashiba kabla ya kumaliza. Mama yako alilelewa kwa mabaki ya sahani ile.” Alijitanda khanga vizuri. “Nilicheka sana mwaka ule. Kufua ilikuwa kazi ndogo tu.”

Kipaza alidhani limekwisha, kwamba sasa amepata jibu lake na bosi atalisikia. Lakini Bibi alimgusa Midomo begani, akamwomba arudishe nyuma kidogo pale afisa anapokula. Midomo akarudisha. Bibi akasogea karibu na skrini, akatazama yule mtu akiinamia sahani, akaomba tena, na tena. Alipovua miwani macho yake yalikuwa yamelowa.

“Na wa kwangu alikuwa anakula hivyohivyo,” alisema. “Ameinama, kama mtoto.”

Walitoka pale kila mmoja amechanganyikiwa kivyake. Barabarani Midomo alisema hajui tena atafsiri nini. Midomo ya yule mwanamke inasema nakupenda, alisema, siwezi kuifumbisha. Kipaza akamjibu kwamba mwanamke mwenye njaa anaweza kusema nakupenda na kinywa kikafunguka vizuri tu. Wakabishana njia nzima, Kipaza akitetea na kushambulia, dakika hii mfuaji hampendi kabisa, dakika nyingine mbona basi Bibi amelia. Mwisho alishindwa kujua anabishana na nani. Hasira ikampanda, akasimama.

“Na wewe je? Ukiniita mpenzi, hiyo midomo huwa ni ya nani?”

Midomo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukuwa na maneno ya kuingiza. Kipaza alivuka barabara akaenda zake.

Kesho yake, Kipaza akiwa zamuni katikati ya zogo la abiria, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Aliusikiliza sikio moja, lingine likiwa kwenye kelele. Ilikuwa sauti nzito ya afisa. “Kazi hii ikiisha naondoka. Nimepata nafasi mji mwingine. Siwezi kukulazimisha, lakini sitaki kuondoka bila wewe. Nataka uwe mke wangu, na kama kuna mkubwa wako wa kumwomba ruhusa, nionyeshe nikamwombe.”

Wewe unayesoma umeshaelewa. Midomo alikuwa amekesha akilitafuta jibu la swali aliloulizwa barabarani, na alipolipata aliogopa kulisema kwa sauti yake, akajificha nyuma ya ile aliyoizoea. Ila Kipaza alikuwa na mabasi ya kutangaza, alijua kwamba onyesho la afisa kuondoka bado halijarekodiwa, na alifurahi kuona Midomo amerudi kazini bila kinyongo. Akajibu haraka, kifundi.

“Nzuri sana, lakini ndefu. Mdomo wake utakuwa umeshafumba. Kata hapo kwenye mke. Na hapo pa kuomba ruhusa paondoe kabisa, afisa hamwombi mtu ruhusa.”

Jibu lilichukua muda kuja. “Sawa. Nimekata.”

Tangu hapo Midomo akawa baridi. Hakutuma tena maneno ya jioni. Karatasi alizipitisha kwa fundi mitambo. Mwigizaji maarufu alipona koo, akaja na skafu shingoni na harufu ya manukato, akamkabidhi Kipaza “mpenzi” zilezile kwa sauti tamu kuliko ya Midomo, na Kipaza hakuhisi chochote. Kicheko alikirekodi siku hizo. Hakuyatazama macho ya mfuaji. Aliitazama sahani ya afisa na kilichobaki juu yake, akacheka. Bosi aliishusha miwani kutoka kichwani na kuivaa.

“Sijui kama amependa au ameogopa,” alisema.

“Hata mimi sijui, mama.”

“Kinanisumbua. Kiacheni hivyohivyo.”

Kipaza alitafuta macho ya Midomo nyuma ya kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Jioni ile alishindwa kuvumilia, akampigia.

“Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Nimekuuliza, umenijibu. Basi.”

“Umeniuliza nini? Ni yale ya barabarani? Nilikuwa na hasira tu.”

“Kipaza, tafadhali. Jibu lako nimelisikia mara nyingi, nalijua kwa moyo. Tumalize filamu ya watu kwa amani.”

Akabaki ameishika simu iliyokatika. Alijilaumu kwa lile swali la barabarani, akajilaumu kwa kumpeleka kwa Bibi, akamlaumu Midomo kwa kununa kama mtoto, kisha akarudi kujilaumu. Kituoni alitangaza basi lililokwishaondoka.

Onyesho la mwisho lilirekodiwa Ijumaa mchana. Midomo alikuwa amemaliza sehemu yake, ameaga, hakuja. Kwenye skrini majeshi yalikuwa yanaondoka, malori yamejipanga, na afisa amesimama mlangoni kwa mfuaji na koti lake zuri. Kipaza alivaa hedifoni akangoja. Afisa alimtazama mfuaji, akavaa kofia, akageuka, akaenda kupanda lori. Mwigizaji maarufu alikuwa anapitia simu yake.

“Umepitwa na maneno yako,” Kipaza alimwambia.

“Hapa sina maneno, dada.”

“Unayo, tena marefu. Unamwambia unataka awe mke wako.”

Mwigizaji alikagua karatasi yake, akampa aione. Kipaza akamwomba fundi mitambo arudishe nyuma. Afisa akasimama tena mlangoni, akavaa kofia, akageuka. Mdomo wake ulikuwa umefumba kuanzia mlangoni mpaka kwenye lori, haukufunguka hata kwa kupiga mwayo.

Alitoka hadi kwenye ngazi akausikiliza ule ujumbe upya, safari hii masikio yote mawili. Nataka uwe mke wangu. Nionyeshe nikamwombe. Halafu akasikiliza majibu yake mwenyewe, kwa ile sauti yake ya matangazo. Kata hapo kwenye mke. Alijiegemeza ukutani, akacheka na kulia kwa pamoja, na fundi cherehani aliyekuwa anapanda na nguo mkononi akaona bora apite bila salamu.

Mguu wa kwanza ulimtuma kwa Midomo. Wa pili ulisita. Angemwambia nini? Kwamba ndiyo? Alimwonea huruma, alitaka kumfuta machungu yake, alimkosa kwa wiki nzima mpaka mwili unauma. Lakini huruma si ndiyo, na kumkosa mtu nako hakujulikani ni nini hasa. Akaenda kwa Bibi.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo barazani. Kipaza aliketi chini karibu na miguu yake, akamsimulia yote, ujumbe na majibu, na Bibi alicheka mpaka ungo ukayumba. Halafu Kipaza akauliza lile ambalo ukoo mzima haukuwahi kuliuliza.

“Bibi, wa kwako ulimpenda?”

Vidole vya Bibi viliendelea na mchele kwa muda.

“Sijui, mjukuu wangu. Nimejiuliza mpaka nimezeeka nalo. Alipoondoka nililia, nikajishangaa ninalia nini. Babu yako aliporudi nilifurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini yule mwingine…” Alitupa chuya pembeni. “Sikuwahi kumwambia hapana. Hata siku moja, hata kwa kijiko cha chumvi. Mtu usiyeweza kumwambia hapana, utajuaje kama unampenda? Ndiyo zangu zote zilikuwa zake. Sikuwa na ya kwangu ya kuipima.”

Kipaza alimshika mguu. Walikaa hivyo mpaka mchele ukaisha.

Midomo alikuwa anapiga pasi Kipaza alipofika chumbani kwake. Begi lilikuwa wazi kitandani, mashati yamekunjwa vizuri kuliko ya mwanamume yeyote ambaye Kipaza alimjua, na vitabu vimefungwa kamba. Alivaa fulana iliyopauka na suruali ya nyumbani. Alipomwona hakumsogelea, aliisimamisha tu pasi.

“Afisa hakufungua mdomo,” Kipaza alisema.

Ikamchukua Midomo muda kuelewa. Alipoelewa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaufunika uso kwa mikono. Kipaza akaeleza kila kitu, kituo, kelele, onyesho lililobaki, na jinsi alivyojiona fundi hodari wakati anamkatia mtu posa yake vipande. Midomo alianza kucheka ndani ya viganja. Kisha akaishusha mikono, akamtazama machoni. Machoni, si mdomoni.

“Nilikuwa mwoga,” alisema kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nyembamba na ya kawaida. “Sasa nakuuliza mwenyewe. Utaolewa na mimi?”

Kipaza aliyatazama mashati, pasi, ule uso mwembamba unaongoja.

“Hapana,” alisema.

Neno lilitoka, likakaa katikati ya chumba. Kipaza mwenyewe aliliogopa. Alimwona Midomo akilipokea. Alingoja akasirike, au abembeleze, au amwambie mbona basi amekuja, mbona amemchezea. Alijiandaa kwa yote hayo.

“Sawa,” alisema Midomo. Baadaye kidogo akauliza, “Umekula?”

“Sijala.”

Kulikuwa na mkate na mayai. Alimkaangia, wakala wote wawili kwenye sahani moja kwa sababu nyingine ilishafungwa, na hakuna aliyemchekea mwenzake. Midomo akamalizia shati lake, akamsindikiza mpaka barabara kubwa, akaongea habari za vitabu vyake vizito na jinsi mji anaokwenda ulivyo na studio yenye feni isiyo na kelele. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Alipomuaga hakuuliza kwa nini.

Jumapili alisafiri. Alipofika alipiga simu kusema amefika. Siku zilizofuata alipiga pia, si kila siku, akauliza goti la Bibi linaendeleaje, akasimulia bosi wake mpya anayekoroma kwenye maiki. Kuhusu ndoa hakugusa. Kipaza alimsikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza sauti yoyote, akitafuta mahali ambapo lile hapana lilikuwa limemgeuza mtu. Hakupaona. Alisikia huzuni, na utani, na mtu yuleyule.

Jioni moja Bibi alimkuta barazani ameishika simu bila kupiga.

“Ulimwambia hapana?” Bibi aliuliza.

“Nilimwambia.”

“Akafanya nini?”

“Aliniuliza kama nimekula.”

Bibi aliketi polepole, mkono mmoja kwenye goti. Alipoinua uso, ulikuwa uso ambao mjukuu wake hakuwahi kuuona, wa mwanamke kijana mwenye wivu.

“Basi wewe unaweza kujua,” alisema. “Mpigie.”

Kipaza akapiga. Midomo alipokea kwa kelele za studio nyuma yake, akaanza kuuliza habari za nyumbani, naye akamkatiza.

“Niulize tena.”

Kelele zilipungua, mlango ukafungwa huko aliko.

“Sitaki kukusumbua.”

“Bado sijui kila kitu,” alisema Kipaza. “Lakini ‘ndiyo’ ya leo ni yangu. Niulize.”

Akamuuliza.